Nilipomshikia Mjukuu Wangu Zamu

Jumatatu, mvua ya kwanza

Mjukuu wangu amenipa daftari hili. Amesema, "Bibi, herufi usipozitumia zinakukimbia." Kweli. Shule mimi sikwenda hata kuchungulia. Herufi alinifundisha yeye mwenyewe alipokuwa darasa la pili, akinigonga vidole kwa rula nikikosea, nami namwacha, maana alikuwa mwalimu mkali na mzuri. Basi nitaandika. Anayetaka kucheka mwandiko wangu na acheke, meno ni yake.

Amemaliza chuo. Amesomea tiba ya viungo, yaani mtu akipigwa na kiharusi akapooza upande, yeye ndiye wa kumfundisha upya kusimama, kushika kijiko, kupiga hatua. Nilidhani sasa kazi inaanza. Kumbe bado. Bodi yao imesema hakuna leseni mpaka kwanza ujitolee masika yote kwenye kituo cha waliopooza, bila mshahara, na msimamizi wa kituo aseme umetimiza.

Nikamwuliza, "Na usipojitolea?"

"Sipati leseni."

"Basi wewe hujajitolea, mke mwenza. Umetolewa."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Namwita mke mwenza kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mume wetu, yaani babu yake, alishatutangulia kaburini. Mama yake anafanya kazi mbali. Nyumba hii ni ya kwetu wawili.

Jumanne

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu. Nimehamisha kitanda, maana paa halihamishiki.

Ijumaa

Leo nimekiona hicho kituo. Mjukuu alisahau chakula chake cha mchana, nikampelekea. Ni jengo refu la chini, chumba cha wanaume huku, cha wanawake kule, na katikati ukumbi wenye vyuma vya kushikilia ukutani, ambako wagonjwa hujifunza kutembea. Harufu ya dawa ya sakafu na harufu ya mkojo zinashindana, na hakuna iliyoshinda.

Nilimkuta anafua mashuka.

"Chuo chote kile, ulisomea kufua?"

"Bibi, shusha sauti. Mfuaji hakuja, barabara ya kwao imekatika."

"Hakuna mwingine?"

"Wapo, lakini wale wanalipwa. Ndiyo maana nimeitwa mimi."

Mara akatokea msimamizi. Mwanamke mpana, funguo zimening'inia kiunoni, akitembea analia kama ng'ombe mwenye kengele. Nimempa jina papo hapo: Mama Funguo.

"Mama, wewe ni ndugu wa mgonjwa?"

"Ni ndugu wa mfua mashuka."

"Saa ya kuona wagonjwa ni jioni."

"Na saa ya kulipa watu ni lini?"

Hakucheka. Uso wake ni kama mlango wa duka siku ya msiba, hata kubisha unaona haya. Mjukuu alinisindikiza hadi getini amenishika kiwiko. "Bibi, yule ndiye atakayesema nimetimiza au sijatimiza. Utaniponza!"

Nikamwambia, na leo naandika nilivyosema: leseni ya nini kumshika mtu mguu? Mimi nimezalisha majirani, nimeogesha maiti, nimemlisha babu yako kwa kijiko hadi siku yake ya mwisho. Nani alinipa leseni? Alirudi kwenye beseni lake.

Jumapili

Mjukuu kanyoosha miguu sebuleni, kavimba vifundo. Nimemkanda kwa maji ya moto. Alinihadithia habari za mgonjwa mmoja, kinyozi, mwanamume mwenye mikono mizuri ambayo sasa mmoja umelala. Kiharusi kimemchukulia maneno yote, kimemwachia moja tu: "Haya." Umwulize jina, haya. Umwulize kama anaumwa, haya. Akikasirika anasema haya kwa ukali, akifurahi anaivuta. Mjukuu amempa kitana ashike kwa ule mkono uliolala, kila siku, apate kukumbuka kazi yake.

"Juzi vidole viwili vimekaza, Bibi. Mkewe alilia."

Alivyosema hivyo, uso ulimng'aa kama mtu anayeposwa. Nikanyamaza na leseni yangu.

Alhamisi

Mvua. Daraja limefunikwa, mjukuu hajakwenda kazini tangu jana. Anazunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga.

Jumamosi

Daraja limefunguka. Ameniambia siku ambazo mtu anaruhusiwa kukosa zimemwishia zote. Akikosa tena, masika yote yanafutwa, ataanza upya mwakani. "Hata ukiugua?" "Hata nikiugua." Nikasema hiyo bodi haikuzaliwa na mwanamke.

Jumanne

Mjukuu amerudi kutoka kituoni ana homa. Anatetemeka ndani ya mablanketi mawili, hajui asubuhi wala jioni. Nimempa dawa alizoandikiwa zahanati. Ananong'ona, "Kituoni, Bibi, kituoni."

Mtaani kwetu, siku ya kuzibua mtaro, kila nyumba hutoa mtu. Baba akiumwa, anakuja mama. Mama akiwa na mimba, anakuja shangazi na jembe lake. Hakuna anayeuliza ni mkono wa nani, mradi nyumba imetoa mkono. Kazi ya zamu ni deni la nyumba. Na hii ya bodi ni nini kama si zamu? Ni kazi isiyo na malipo, ni lazima, na ni ya wote. Kama angekuwa analipwa mshahara, hapo ningesema kazi ni ya mwenye jina. Lakini ya bure!

Nimemwomba jirani, mshona nguo wa mlango wa pili, amtazame mgonjwa. Kesho nakwenda mimi.

Jumatano

Nimekwenda. Nilimwambia Mama Funguo wazi, sikuficha kitu: "Mjukuu wangu yuko kitandani. Nyumba imeleta mtu mwingine."

Alinitazama kutoka kilembani hadi kwenye kandambili. Nyuma yake kulikuwa na wahudumu wawili tu kwa chumba kizima, wengine mvua imewafungia makwao. Mgonjwa mmoja alikuwa analia kwamba amelowa. Mama Funguo akacheka, mara ya kwanza kumwona meno. "Unajua kupiga deki?"

"Nilianza kabla hujazaliwa."

Akanipa aproni. Akachukua kalamu, akaweka alama ya kuhudhuria mbele ya jina la mjukuu wangu. Nikamwona ni binadamu. Kutwa nimepiga deki, nimebadilisha mashuka, nimewasimulia wazee uongo wa ujanani mwangu. Nimerudi mgongo umekatika na moyo umekunjuka.

Alhamisi

Leo tena, na alama imewekwa vilevile. Nimelisha watu uji. Mama Funguo alipita mbio akaniambia, "Wote wape, lakini yule wa kona usimpe chochote cha kunywa. Yeye nitamlisha mwenyewe." Yule wa kona ni kinyozi.

Nilijua sababu. Anayekunywa ndiye anayekojoa, na mfuaji hayupo. Nimeyaona ya namna hiyo kwenye nyumba za watu: mzee ananyimwa maji ili shuka lisilowe. Midomo ya kinyozi imepasuka kama ardhi ya kiangazi. Alikitazama kikombe cha maji mkononi mwangu, akanitazama mimi, akasema, "Haya." Polepole, kama mtoto anayeomba.

Nikamwinua kichwa, nikampa. Alikunywa kikombe kizima, macho ameyafumba. Alikohoa, nikampiga mgongo, akakohoa tena, akatulia. Nikamfuta kidevu kwa upindo wa kanga yangu. Wema hauozi.

Ijumaa

Wiki hii mapumziko yake yameangukia leo. Homa imeshuka. Mjukuu amekaa kitandani, amekula. Nikamwambia kwa maringo, "Mke mwenza, usiogope. Nimekushikia zamu."

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Rangi iliyokuwa imeanza kumrudia ikaondoka tena. "Bibi, haishikiwi. Ile si mtaro!" Akasema kesho ataamka, atakwenda kumwambia Mama Funguo afute ile alama. Akikosa leseni na akose.

Nilikasirika kidogo, siwezi kusema uongo. Nilijiona nimebeba maji kwa mtu akayamwaga.

Jumamosi

Siku ndefu, na nitaandika yote.

Mjukuu alirudi kabla ya saa yake. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni maji yanamchuruzika, akasema, "Bibi, kinyozi ulimpa nini?"

"Maji. Walikuwa wanamnyima, mwanangu, midomo imepas..."

Akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, sakafuni, na viatu vyake vya tope. Alichoniambia naandika kama alivyokieleza, taratibu, kama zamani akinifundisha herufi. Kiharusi kile hakikumlaza mkono tu na ulimi. Kilimlaza na koo. Koo lililolala halijui kufunga njia ya hewa. Uji mzito, kijiko kidogo, mtu ameketi wima, unaweza kupita. Maji ni mepesi, yanateleza yanakotaka. Maji niliyompa hayakwenda tumboni yote. Yaliingia kifuani.

"Alikohoa?"

"Alikohoa."

"Kisha akatulia, ukadhani yamepita."

"Ndiyo."

Kinyozi yuko hospitali kuu, kifua kimejaa, anapumua kwa mashine. Amepelekwa jana. Mkewe amelalamika, na kituo kikatazama alama: aliyekuwa zamu ya kulisha ni mjukuu wangu.

Wema hauozi, niliandika hapo juu. Wangu umeozea kwenye mapafu ya mtu.

Nikamwambia, "Sema ni mimi."

"Nikisema ni wewe, nimesema sikuwapo. Na alama ipo. Kosa la kazi, bodi wanaonya, wanakurudisha mwaka. Udanganyifu wanakufuta, Bibi. Maisha. Na Mama Funguo anakwenda na maji."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitasema nilisahau. Nilimpa mimi."

Akaingia chumbani. Naandika hili bila kulipamba: nilinyamaza, na ndani yangu kulikuwa na kijisehemu kilichoshukuru.

Jumatatu

Mvua. Sikula.

Jumanne

Mshona nguo, ninayembeza kwa utani kila asubuhi, kaja kuuliza kwa nini sijambeza leo. Nikambeza kidogo aondoke.

Jumatano

Nimekwenda hospitali kuu. Kinyozi amelala na mpira puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyepigwa manati. Mkewe ameketi kando, mwanamke mwembamba, anamchana nywele.

Nikampa pole. Hakunijua mimi ni nani. Akaanza mwenyewe kuzungumza, kama watu wanavyozungumza hospitalini na yeyote mwenye masikio.

"Yule binti, mama, nilimpenda kama mwanangu. Alinionyesha yeye mwenyewe jinsi ya kumlisha. Akaniapisha, 'Mama, hata akulilie, usimpe maji.' Kisha yeye ndiye! Sitaki kumwona. Na leseni asiipate, aue nani mwingine?"

Nilisimama. Nilitaka kuondoka, kisha nikamgeukia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye nguo za mjukuu wangu.

"Si yeye," nikasema. "Alikuwa na homa kitandani. Ni mimi. Mimi ni bibi yake. Nilimhurumia."

Aliacha kuchana. Nilingoja anipige. Ningekubali.

"Alikuomba?"

"Kwa macho."

"Kwa macho," akasema. "Mimi ananiomba kwa macho tangu siku ile alipoanguka. Asubuhi ananiomba, mchana ananiomba. Mume wangu! Namlowesha midomo kwa kitambaa, nageuza uso ukutani. Unajua kumnyima ni kazi gani, mama? Wewe ulimhurumia mara moja ukaenda zako nyumbani."

Nilivyokuwa natoka akaniita, "Wewe! Bodi wanakuja Ijumaa. Nami nitakuwapo."

Alhamisi

Nimemwambia mjukuu kwamba nimesema kwa mke wa kinyozi na kesho nitasema kwa bodi. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Umeniponza kwa kutenda, sasa unaniponza kwa kusema! Kwa nini huwezi kutulia, Bibi? Hata mara moja!"

Hajawahi kunipandishia sauti namna hiyo. Na kila neno lilikuwa la haki.

Ijumaa

Walikaa ukumbini, kwenye zile meza za mazoezi, watu watatu wa bodi. Mwenyekiti wao ni mwanamume mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, kama ana macho mengine huko. Mjukuu alisimama, mke wa kinyozi ameketi pembeni, Mama Funguo kaegemea mlango. Mimi sikualikwa. Nilikuwa nje ya dirisha chini ya mwavuli, dirisha liko wazi.

Mwenyekiti akauliza. Mjukuu akajibu, "Nilimpa mimi. Nilisahau."

Sijawahi kumsikia akisema uongo kwa sauti iliyonyooka vile. Hata kope hazikucheza. Nikaona: mtoto huyu ataingia kwenye kazi yake kwa mlango huu. Kila mgonjwa atakayemshika, uongo huu utakuwa chini ya mkono wake. Na mkunga wa uongo huu ni mimi.

Nikaingia. Mwavuli unachuruzika kwenye sakafu yao safi.

"Mama, hapa kuna kikao."

"Nakiona. Aliyempa kinyozi maji yuko mbele yako. Huyu alikuwa na homa, mimi nilikuja badala yake. Niliambiwa nisimpe, nikampa. Nilidhani najua."

Mjukuu alifumba macho. Mwenyekiti akaishusha miwani. "Mama, unaelewa unachosema kinamfanya nini mjukuu wako? Mtu mwingine amehesabiwa kwa jina lake. Sisi hilo tunaliita udanganyifu."

"Naelewa. Ndiyo maana sikungoja nialikwe."

Kisha nikasikia funguo. Mama Funguo alitoka mlangoni, akazifungua kiunoni, akaziweka mezani mbele yao. "Alama niliiweka mimi, kwa mkono wangu. Binti hakuniomba, hakuwapo wa kuniomba. Alipopata nafuu alikuja kuniambia nifute, nikamwambia asiniletee maneno, kitanda cha kona ki wazi na bodi inakuja. Nilikuwa na wahudumu wawili kwa chumba kizima. Ningempokea hata mbuzi kama anajua kupiga deki."

Mtu mmoja wa bodi alikaribia kucheka. Mke wa kinyozi hakucheka. Aliulizwa kama ana la kusema. Alitutazama sote, mmoja mmoja, akasema, "Binti alinifundisha vizuri."

Nilikuwa nimemwita ng'ombe yule Mama Funguo, kurasa za mwanzo. Sitafuta. Lakini naandika na hili la leo.

Jumanne

Mjukuu hanisemeshi. Anapika, ananiwekea, anaondoka.

Jumatano

Vilevile. Mvua imepungua.

Jumatatu

Uamuzi umefika. Mama Funguo ameondolewa usimamizi. Mimi nisikanyage kituoni. Mjukuu hakufutwa. Masika yote aliyofanya hayahesabiwi, ataanza upya mwakani, kituo kingine. Na hadi apate leseni asimguse mgonjwa yeyote, popote, hata nyumbani kwa mtu. Akigusa, basi tena, mlango umefungwa.

Alinisomea mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Chai yako inapoa, Bibi." Ni neno la kwanza tangu kile kikao. Nikainywa chai hiyo kama dawa.

Jumapili

Mvua imekatika. Jua limetoka, kila nyumba imeanika magodoro.

Tulikuwa barazani tunachambua mchele, tukaona kiti cha magurudumu kinasukumwa kwenye tope la barabara yetu. Kinyozi, na mkewe. Ametoka hospitali. Kapungua, amekuwa kama nguo iliyoachwa kwenye kamba. Ule mkono umerudi kukunjika kifuani, vidole vimefumba ngumi.

Mke wake hakuketi. Alimwambia mjukuu, "Kituoni simrudishi. Nimekuja kwako. Umwanzishie tena yale mazoezi ya kitana."

"Mama, siruhusiwi."

"Nani atajua? Ni hapa nyumbani kwako."

"Hospitali kuu kuna mwenzangu, yuko kila Jumatano. Ni mzuri kuliko mimi."

"Yule hamjui. Wewe unamjua. Mtazame mkono wake, binti! Mtazame tu!"

Mjukuu alimtazama. Kinyozi naye alimtazama, na mdomo wake ukahangaika kutafuta lile neno lake moja, usilipate. Nilimwona mjukuu wangu vidole vikimcheza juu ya ungo. Alijua wapi pa kushika. Ingekuwa kufumba na kufumbua, ile ngumi ingefunguka.

Na mimi, Mungu wangu, maneno yalinijaa mdomoni. Mshike, mwanangu. Mshike kidogo tu, nani ataona? Yalinifikia kwenye meno.

"Jumatano, mama," mjukuu akasema. "Nitakusindikiza hadi mlangoni kwake. Nitamweleza kila kitu ninachokijua. Lakini kumgusa, hapana."

Mke wa kinyozi alimtazama. Sijui alichokiona usoni pake. Mwishowe akaitikia kwa kichwa, mara moja, akageuza kiti. Tope lilikuwa zito, nikamsaidia kusukuma hadi barabara kavu, kisha nikarudi.

Mjukuu bado yupo barazani, mchele haujachambuliwa. Nimeketi karibu naye hadi mabega yamegusana. Yeye ameikalia mikono yake, yote miwili. Mimi nimeukalia mdomo wangu.